Azawakh: mbwa wa Sahel anayesifiwa nusu tu

Ukitafuta habari za azawakh utakutana na stori moja tu inayozungushwa kila mahali, mbwa mwembamba anafukuza swala mchangani, nyuma yake Mtuareg, mhamaji wa jangwani, na kilemba cha buluu juu ya ngamia, vumbi linapaa, basi habari imeisha. Sikatai, uwindaji upo na ni wa kweli, na nitauelezea hapa maana ni kitu cha kuvutia kwelikweli. Lakini mimi naona hiyo stori imekatwa nusu, na ile nusu iliyotupwa ndo iliyomfanya huyu mbwa awepo mpaka leo. Na waliokata si watu wa Sahel, ule ukanda mkavu ulio kusini ya jangwa la Sahara.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Jina lake limetoka bonde la Azawagh, lile eneo kavu linaloangukia Mali, Niger na kipande cha Algeria, ila mbwa wenyewe wametapakaa zaidi ya hapo, mpaka kaskazini ya Burkina Faso. Wanaofuga si Watuareg peke yao, wapo Wafulani, wapo Wasonghai, wapo na Wabella ambao zamani walikuwa watumwa wa Watuareg na mara nyingi ndio waliokuwa wanashinda na hao mbwa kutwa nzima. Dume lina urefu wa sentimita 64 hadi 74 begani na kilo 20 hadi 25 tu. Sasa linganisha na jamani shepadi tuliyemzoea kwenye mageti, dume lake ni sentimita 60 na kitu lakini kilo 30 mpaka 40. Azawakh ni mrefu kumzidi halafu mwepesi hivyo. Mifupa ya nyonga imetokeza, mbavu unazihesabu, mishipa ya damu unaiona inapita chini ya ngozi, na wanaomfuga Ulaya wanalalamika kwamba wakimtoa mtaani watu wanawasimamisha kuwauliza kwa nini hawampi chakula.

Hamna njaa hapo. Mwili ule ni mashine ya kutoa joto. Mafuta kidogo, ngozi nyembamba, manyoya mafupi, tumboni karibu hamna kitu, miguu mirefu inayomwinua kutoka kwenye mchanga unaochoma. Kifua ni kirefu kwenda chini maana moyo na mapafu ni makubwa. Ukimpima, urefu wake wa kwenda juu unazidi urefu wa mwili, kama 10 kwa 9, wakati mbwa wengi ni kinyume. Akikaza mwendo mgongo unajikunja na kujikunjua, na katika kila mzunguko wa mbio miguu yote minne inaacha ardhi mara mbili, mara moja amejikunja na mara moja amejinyoosha. Greihaundi wa kwenye mashindano ana mwendo huohuo na kwa umbali mfupi atamwacha, ila mpeleke huyo greihaundi saa nane mchana kwenye mji wa Gao, Mali, kwenye digrii 40 uone kama atafika popote.

Uwindaji wenyewe sasa. Hawa ni mbwa wanaowinda kwa macho, si kwa pua, kwa hiyo kila kitu kinategemea kuona kwanza. Inasimuliwa kwamba wawindaji walikuwa wanambeba mbwa juu ya tandiko, mbele ya mpandaji, mpaka wanapoliona windo, sababu mbwa akitembea kwenye mchanga wa moto masaa mawili matatu anafika amechoka na wewe umepoteza mawindo. Wakishasogea karibu wanamwachia, mmoja au wawili watatu. Swala dorkas, ambaye ndo aliyekuwa windo kubwa ukimtoa sungura, ni mdogo lakini ana akili ya mbio, hakimbii mstari ulionyooka, anakata kona, anarudi, anakata tena, na kila kona inamgharimu mbwa mkubwa kuliko inavyomgharimu yeye. Ndo maana wakawa zaidi ya mmoja, mmoja akipitiliza kwenye kona mwenzake anadaka upande wa pili. Mwisho wa siku mbio zinaamuliwa na nani anachemka damu kwanza. Mbwa akishafika anashika miguu ya nyuma, anamwangusha au anamzuia, na mwindaji anakuja mbio na kisu.

Na hapo kwenye kisu ndo pananivutia mimi kama mtu niliyekulia kwenye jamii ya Waislamu wa pwani. Kwetu mbwa ni najisi, umeguswa na mate yake unaosha mara saba, moja kwa udongo, na watoto wanafundishwa hivyo kabla hata hawajajua kusoma. Sasa mtu anasikia kwamba Watuareg ni Waislamu na wanaishi na mbwa kambini, wanambeba kwenye tandiko, anasema aa hao dini yao ya nusunusu. Hapana. Sisi pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, wao Sahel na Maghreb yote ni Maliki, na kwa Maliki mbwa aliye hai si najisi, ile hukumu ya kuosha chombo mara saba wanaifuata kama ibada tu, si kwa sababu mate ni uchafu. Halafu kuhusu kuwinda hamna ubishi kokote, Surat Al-Maida aya ya 4 inaruhusu kula alichokushikia mnyama uliyemfundisha, ukilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Unamtuma mbwa kwa bismillah, akishika bila kukutangulia kula ni halali hata ukikuta ameshaua, akila mwenyewe wanazuoni wanatofautiana, na ukimkuta swala bado yu hai unachinja. Kwa hiyo mbwa mwenye adabu ya kushika na kungoja thamani yake haikuwa kwenye ufundi peke yake, ilikuwa ni tofauti ya nyama kuingia chunguni au kutupwa. Fikiria watu wamechagua mbwa kwa kipimo hicho vizazi na vizazi.

Hata huku kwetu tusijifanye hatujui. Wasasi wa Unguja ni Waislamu na wanaingia msituni na makundi ya mbwa tangu zamani, nguruwe mwitu, paa, wanajua kila mbwa na tabia yake. Hakuna aliyewaandikia kitabu cha ukoo wa mbwa wao, tunawaita mbwa koko tu.

Haya, turudi kwenye nusu iliyotupwa.

Ukimuuliza mfugaji wa Sahel huyu mbwa anafanya kazi gani, kuwinda ni kazi ya siku chache. Kazi ya kila siku ni ulinzi. Kambi ina mbuzi, ina kondoo, usiku kuna fisi, kuna mbweha, kuna wezi wa mifugo ambao ni wabaya kuliko fisi. Mchana mbwa wamelala kivulini hawana habari na mtu, wengine wanapanda juu ya paa la nyasi la kibanda kulala huko ambako kuna upepo na unaona mbali, giza likiingia wanabadilika. Mmoja akisikia kitu anabweka, wengine wanaamka, wanatoka kwa pamoja. Ndo maana azawakh hampendi mgeni, hana ule ukarimu wa mbwa wa kizungu, ukija nyumbani kwa mwenye azawakh utakaa mbali na utaangaliwa mpaka uondoke. Watu wengi walionunua Ulaya wakidhani wamepata mbwa wa mbio tu, mtulivu, wa kulala kwenye kochi, walishangaa sana.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa mbwa hawapendi kulisikia. Mchujo ulikuwa mkali mno. Mbwa akizaa, mara nyingi hawabakizwi wote, anabakizwa mmoja au wawili, jike pale anapohitajika, maana mama mwenyewe anaishi kwa uwele na maziwa yaliyobaki, hawezi kunyonyesha saba. Aliyebaki naye anakutana na ukame, kupe, na kiangazi kile. Asiyeweza kazi hazai. Hamna aliyekaa chini akasema tunatengeneza mbegu safi, mbwa walitoka kwenye maisha yale yenyewe, na ukiwatazama walivyo kule Sahel unaona, wapo wa rangi ya mchanga, wapo wekundu, wapo weusi, wapo wa michirizi, wapo wa mabaka meupe makubwa, wapo wa rangi ya kijivu cha bluu. Hakuna mfugaji anayemkataa mbwa mwenye mbio na masikio mazuri ya usiku eti kwa sababu mguu mmoja hauna soksi nyeupe.

Soksi nyeupe nimezitaja makusudi.

Huyu mbwa alifika Ulaya karibu mwaka 1970. Mwanadiplomasia wa Yugoslavia aliyekuwa akifanya kazi Upper Volta, ndo Burkina Faso ya leo, anaitwa Pecar, alipewa dume akaliita Gao. Jike alikataliwa. Inasimuliwa kwamba alimpata, aliyekuja kuitwa Lara, kama shukrani baada ya kumuua tembo aliyekuwa anawasumbua wenyeji, na mimi hii stori naichukua kama stori tu, ila inaonyesha kitu kimoja, kwamba mbwa wa namna hii hakuwa wa kuuzwa sokoni. Baadaye akaongeza dume mwingine. Upande wa pili Wafaransa waliokuwa wanafanya kazi Mali na Niger nao wakarudi na mbwa wachache. Yaani mbwa waliofungua daftari la Ulaya, lile la kuandikia ukoo wa mbwa, ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mwaka 1981 shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, likamtambua, kwanza kwa jina la sloughi-tuareg kana kwamba ni tawi la yule sloughi wa Maghreb, kisha 1986 ndo akapewa jina lake la azawakh. Kiwango chake, yaani maandishi ya jinsi mbwa wa mbegu hiyo anavyotakiwa awe, ni namba 307. Kwenye karatasi nchi ya asili imeandikwa Mali, na mlezi wa kiwango ni Ufaransa. Rudia kusoma hapo. Wenye mbwa ni wafugaji wa Mali, Niger na Burkina, kalamu iko Paris. Na kalamu ikaandika kwamba azawakh awe wa rangi ya mchanga mpaka kahawia iliyokolea, au wa michirizi, awe na weupe kifuani na kwenye ncha ya mkia, na miguu yote minne iwe na weupe japo alama tu. Mabaka makubwa hapana. Kijivu hapana. Yaani wameangalia wachache waliowabeba kwenye ndege wakasema hawa ndo azawakh, na maelfu waliobaki nyumbani wakageuka kuwa makosa ya viwango.

Mimi hili naliona ndo tatizo lenyewe. Ukianza na mbwa wachache halafu ukawachuja tena kwa rangi, unabaki unazalishana ndugu kwa ndugu, na matokeo yake wanaomfuga wanayajua, kifafa, magonjwa ya kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, shida za misuli. Mbwa ambaye Sahel alichujwa kwa jua na fisi, Ulaya anachujwa kwa soksi. Halafu tunaambiwa ni mbwa adimu, tumhifadhi. Uadimu wake wa Ulaya umetengenezwa mezani, na mtu anayetengeneza upungufu halafu akajiita mhifadhi mimi simwelewi.

Wamarekani, niwape haki yao, hapa walifanya tofauti. Klabu yao ya mbwa, AKC, ilimtambua rasmi tarehe 1 Januari 2019 na wakaruhusu rangi yoyote. Na wapo Wazungu, hasa kikundi kinachoitwa ABIS ambacho kilikuwa kinafanya safari mpaka vijijini kaskazini ya Burkina, walioona mapema kwamba dawa iko kulekule, wakarudi na mbwa wapya, wa rangi zote, wakawaingiza kwenye uzazi. Walibishiwa sana na wale wa daftari safi. Walikuwa sahihi.

Sasa kuna hoja inayorudi kila mara, kwamba kule kwao wenyewe wamewamaliza wanyama kwa kuwinda ovyo, kwa hiyo urithi umekufa kwa mikono yao. Hii hoja inanikera, maana tarehe hazikubali. Watu waliwinda na mbwa Sahara tangu zama za kale, michoro ya mwambani ya Tassili n'Ajjer kule Algeria inaonyesha mbwa wakifukuza wanyama (wengine wanarukia hapo kusema huyo ni azawakh mwenyewe, ni mbio za maneno tu, mchoro wa mbwa mwembamba hauna cheti cha ukoo), na miaka yote hiyo swala walikuwepo. Mbwa akifanikiwa anashika mmoja, na wewe unarudi nyumbani sababu mbwa amekwisha. Kilichomaliza wanyama ni gari na bunduki. Ukiwa na pikapu na silaha ya kijeshi swala hana kona ya kukata, unapiga kundi zima kabla ya chai. Choroa wa Sahara, yule mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, alitangazwa mwaka 2000 kuwa hayupo tena porini, akaanza kurudishwa Chad mwaka 2016 kutoka kwa waliofugwa. Swala dama wamebaki mamia machache au pungufu. Adaksi, mnyama wa jangwani wa jamii ya choroa, ndo usiseme, uchunguzi wa mwaka 2016 kule Termit, Niger, hifadhi iliyotangazwa 2012 kwa ajili yake hasa, ulikuta watatu. Watatu! Na eneo hilohilo ndiko kwenye visima vya mafuta vya Agadem na askari wa kuvilinda, wenye magari na bunduki na njaa ya nyama.

Kwa hiyo ndiyo, uwindaji wa swala kwa azawakh kwa maana ile ya zamani umekwisha au umebaki kidogo sana, kwa sungura zaidi, na kisheria kuwinda swala hao ni marufuku na iwe hivyo. Siwezi kukaa hapa nikasema waachiwe wakawinde kwa ajili ya utamaduni wakati windo lenyewe linahesabika. Ila tusimbebeshe mbwa dhambi ya Land Cruiser.

Wenzetu wa Ghuba nao walifika hapohapo kwa njia yao. Saluki, ndugu yao wa Uarabuni, alikuwa anatembea na mwewe na Bedui, windo likaisha, sheria zikaja, wakahamishia mbio kwenye uwanja, Abu Dhabi wana kituo cha saluki na mashindano na zawadi. Ndugu zetu walioko huko wameyaona. Ni suluhisho la wenye mafuta. Mtuareg hana uwanja, hana mdhamini, na ukimwambia afuge mbwa wa mbio za burudani atakucheka maana kondoo wake wanaibiwa.

Ndo maana nasisitiza ulinzi. Tangu ukame wa 1968 hadi 1974, na ule wa katikati ya miaka ya 80, familia nyingi za wahamaji zilipoteza mifugo yote zikaishia pembezoni mwa miji, na kambi ikivunjika mbwa hana pa kukaa. Waliobaki na mifugo wakabaki na mbwa. Hesabu iko wazi, mbwa amefuata mbuzi, hakufuata swala. Swala karibu wametoweka na mbwa yupo. Kama kweli angekuwa mbwa wa kuwinda tu kama anavyotangazwa, angekuwa ameondoka pamoja nao.

Kinachomtisha leo ni vita. Kaskazini ya Mali iliwaka 2012, Aprili ya mwaka huo waasi wa Kituareg wa MNLA wakatangaza uhuru wa eneo hilo kwa jina la Azawad, haukutambuliwa na mtu, makundi ya jihadi yakashika usukani, na moto ukasogea mpaka mpaka ule wa nchi tatu, Mali, Niger na Burkina, eneo la Liptako-Gourma, ambalo ndo hasa nyumbani kwa hawa mbwa. Vijiji vimehama, mifugo imeporwa, watu wako kwenye kambi za wakimbizi wanakoishi kwa mgao, na nani atamgawia mbwa mgao? Zile safari za kwenda Oudalan, kaskazini ya Burkina, kutafuta mbwa wapya leo mtu mwenye akili timamu hawezi kuzifanya. Kwa hiyo dirisha la damu mpya limejifunga wakati uleule ambao Ulaya wanaanza kukubali kwamba wanaihitaji.

Na hapa watu wa daftari wanasema basi, si mnaona, afadhali tulimchukua, angalau yupo salama Ujerumani. Nawaelewa kidogo. Kama kule kukiharibika kabisa, hao wa Ulaya na Marekani ndo watabaki. Lakini basi wafanye kazi ya akiba kweli. Akiba haichaguliwi kwa rangi. Wafungue daftari kwa kila mbwa aliyetoka Sahel bila kujali mabaka, wakiwemo wale walioko kwa wakimbizi na kwenye miji kama Niamey na Ouagadougou ambako bado mtu anafika, wafute yale masharti ya soksi, na ulezi wa kiwango utoke Ufaransa upelekwe kwa watu wa zile nchi hata kama watu hao hawana klabu yenye ofisi na nembo. Wanaobisha wanasema mbwa watapoteza mwonekano wa kufanana. Watapoteza, ndiyo, kule walikotoka hawajawahi kufanana na hakuna swala aliyelalamika.